Roboti na uvimbe wa ini: yanayosemwa mitaani na ukweli wake

Ndugu akigundulika ana uvimbe kwenye ini, makundi ya WhatsApp ya ukoo huanza michango, na kabla wiki haijaisha kutakuwa na mtu aliyetuma video ya roboti ikifanya upasuaji India. Matumaini hupanda, na ni haki yapande, maana teknolojia hii ipo na inasaidia watu. Ila mengi yanayosambaa pamoja na video hizo si kweli, na familia inayouza kiwanja kwa ajili ya matibabu inastahili habari sahihi.

"Roboti ndiyo inayopasua, daktari anaangalia tu"

Mashine inayotumika zaidi duniani ni da Vinci ya kampuni ya Intuitive Surgical ya Marekani, iliyoidhinishwa huko mwaka 2000. Haifanyi uamuzi wowote yenyewe. Daktari huketi hatua chache kutoka kitanda cha mgonjwa, paji la uso limeegemea kitazamio, vidole viko kwenye vishikio na miguu juu ya pedali. Akizungusha kiganja, ncha ya kifaa chenye unene wa milimita 8, kilichoingizwa kupitia kitundu kidogo, huzunguka vivyo hivyo ndani ya tumbo. Mtetemo mdogo wa mkono huchujwa usifike kwenye ini. Akiinua kichwa kutoka kwenye kitazamio, kihisio kinatambua na vifaa vyote vinasimama palepale. Pembeni ya mgonjwa yupo daktari msaidizi anayefyonza damu na kubadilisha vifaa, na mtaalamu wa usingizi haondoki, kwa sababu hii ni nusu kaputi kamili.

Hata Septemba 2001, Profesa Jacques Marescaux alipokuwa New York akamtoa kifuko cha nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa kutumia roboti ya aina nyingine, kila mkato ulikuwa wake. Kilichovuka bahari ni amri za mikono yake.

"Ini likikatwa, mtu amekwisha"

Hofu hii ndiyo inayowarudisha nyumbani watu ambao wangepona. Ini lenye afya linaweza kuondolewa zaidi ya nusu na mtu akaendelea kuishi, kwa sababu linalobaki huongezeka ukubwa ndani ya wiki na miezi michache. Halioti upya pale lilipokatwa kama mkia wa mjusi. Kipande kilichobaki ndicho kinachopanuka na kubeba kazi yote.

Miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud aliligawa ini katika sehemu 8, kila moja ikiwa na njia yake ya damu na ya nyongo. Kwa ramani hiyo daktari anaweza kuondoa sehemu moja au mbili zenye uvimbe na kuziacha nyingine zikiwa hai. Siku hizi hudunga rangi maalumu kwenye mshipa baada ya kufunga njia ya damu ya sehemu inayotolewa. Kwenye kamera ya roboti, ini linalopata damu hung'aa kijani na sehemu inayotoka hubaki giza, mpaka wake ukionekana wazi.

Hesabu kubwa ni ya kinachobaki. Kwa ini lenye afya, madaktari hutaka kibaki angalau kati ya asilimia 20 na 25 hivi. Kwa aliyepata dawa nyingi za saratani, asilimia 30. Kwa ini lililosinyaa kwa makovu, asilimia 40 au zaidi, na hapo hata kipande kidogo kinaweza kuwa kingi mno. Hili linatuhusu sana, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kwetu hufika ini likiwa limeshaumizwa na homa ya ini B. Roboti haibadilishi hesabu hiyo hata kidogo. Kinachoweza kuibadilisha ni kuziba mapema mshipa unaopeleka damu upande wenye uvimbe, kisha kusubiri wiki kadhaa upande wa pili ukue kabla ya upasuaji.

"Kwa vitundu vidogo, saratani itaachwa ndani"

Uvimbe hauvutwi kupitia kitundu. Huwekwa kwenye mfuko ndani ya tumbo, kisha hutolewa mzima kupitia mkato chini ya kitovu, mara nyingi palepale wanapokatwa akina mama kwenye upasuaji wa uzazi. Ni kweli kwamba mashine nyingi hazimpi daktari hisia ya mguso. Kwa da Vinci, toleo lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024 ndilo lililoanza kurudisha hisia ya nguvu mikononi. Kwa hiyo daktari hupitisha kipimo cha ultrasaundi juu ya ini lenyewe ili aone uvimbe umekaa wapi na mishipa imepita wapi.

Ushahidi mzuri wa njia ya vitundu ulitoka Oslo, Norwei. Wagonjwa 280 wenye saratani iliyosambaa kwenye ini kutoka utumbo mpana waligawanywa kwa kura: wengine wakafunguliwa tumbo, wengine wakafanyiwa kwa vitundu bila roboti. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 31 kwa waliofunguliwa na 19 kwa wa vitundu, na muda wa kuishi baadaye ulikaribia kulingana kabisa. Roboti imejengwa juu ya msingi huo.

"Roboti inamfaa kila mtu"

Hapana. Ini hupitisha takriban lita moja na nusu ya damu kila dakika. Daktari hupunguza hatari kwa kubana kwa muda njia ya damu inayoingia, kwa kawaida dakika 15 kisha kuachia 5, mbinu iliyoelezwa na James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Damu ikizidi, au uvimbe ukiwa umekumbatia mshipa mkubwa, tumbo litafunguliwa. Huko si kushindwa. Ni kuokoa maisha. Ningemwamini mara mia daktari mwenye mkono uliozoea ini na kisu cha kawaida kuliko mgeni mwenye mashine ya mamilioni ya dola. Kwa hiyo waulizeni: umeshakata maini mangapi, na kwangu litabaki kiasi gani?

"Ni mambo ya mbali"

Riyadh, hospitali ya King Faisal hutumia roboti kutoa kipande cha ini kwa ndugu anayemchangia mgonjwa. Na Kigali, tangu 2023, kipo kituo cha IRCAD Africa, tawi la taasisi ya Marescaux huyohuyo, kinachofundisha madaktari wa Afrika upasuaji wa vitundu na wa roboti.

"Nikianza kuumwa, nitakwenda kwenye roboti"

Uvimbe wa ini huweza kukua kimyakimya. Maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda na macho ya njano mara nyingi huja wakati umeshaingia kwenye mishipa au kutapakaa, na hapo hakuna cha kukatwa. Mwenye ini lililosinyaa, na wengi wenye homa ya ini B ya muda mrefu, wanashauriwa kupimwa ultrasaundi kila miezi 6 hata wakijisikia wazima kabisa. Mashine yake ipo hadi hospitali nyingi za wilaya, na ndiyo inayoweza kuuona uvimbe ungali na sentimita 2 au 3.