Simbas hawakosi mbio, wanakosa mechi

Kila Simbas, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji 15, wanapochapwa, watu wa Malindi hunijia na swali lilelile: vijana wana mbio, wana miili, wana moyo, mbona wakishainamiana tu firimbi inalia dhidi yao? Wananiuliza mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilicheza propu, na tangu nilipoacha nafundisha skramu hapa Pwani, vijana wa sekondari na wa klabu. Swali lenyewe ni zuri, ila jibu lake ni refu, na barazani mtu hukatizwa kabla hajafika nusu. Nalijibu hapa.

Skramu ni watu wanane kwa wanane, wanainamiana na kusukumana kuugombea mpira. Mstari wa mbele una watatu: propu wa kushoto, huka katikati, propu wa kulia. Mwamuzi huwaita kwa hatua tatu, wainame, washikane, kisha waingie. Utaratibu huo uliletwa mwaka 2013 ili kupunguza nguvu ya ule mgongano wa kwanza. Kwa timu kubwa za dunia, kila upande una uzito wa kilo 900 hivi, na uzito wote huo hupitia kwenye shingo na mabega ya hao watatu wa mbele.

Propu wa kushoto ana nafuu kidogo, kwa kuwa upande mmoja wa kichwa chake uko wazi. Wa kulia hana nafuu hiyo. Kichwa chake kimebanwa katikati ya wapinzani wawili, propu mmoja na huka, na wote wawili wanamlalia. Akisimama yeye, timu inasimama. Akikunjwa yeye, wenzake saba hata wawe na nguvu za namna gani hawana pa kuzipitishia. Ndiyo maana klabu za Ulaya humtafuta mtu huyo kwa udi na uvumba, na ndiye mtu ambaye Kenya haijawahi kuwa naye wa kutosha.

Siku nyingine skramu ikianza, usitazame mpira. Tazama kiwiko cha propu kwenye ule mkono uliomkamata mpinzani. Kikiwa juu, sambamba na mgongo, na vidole vimekamata fulana ya mpinzani huyo mbavuni, huyo yuko salama. Kikianza kuelekea chini, ujue mambo yameharibika: nyonga zinapanda, miguu imebaki nyuma mno, kifua kinashuka kwenye nyasi. Mwamuzi amesimama hatua mbili tu kutoka hapo na anakiona kiwiko hicho kabla yako. Penalti. Mpinzani anaupiga mpira nje karibu na mstari wetu, sheria inampa yeye mwenyewe kuurusha ndani, warefu wake wanaudaka, wenzao wanajifunga nyuma yao na kusukuma mpaka kwenye mstari. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari, ni alama tano, mkwaju unaofuata mbili. Saba hizo zilianzia kwenye kiwiko.

Kiwiko hicho hakifundishwi jimu. Hapa Malindi tunayo mashine ya skramu, fundi wa kuchomelea alitutengenezea fremu ya chuma, tukaifunga sponji za godoro kwa turubai, na juu yake tunapakia magunia ya mchanga. Inafaa sana kwa miguu na mgongo. Lakini mashine haikuchezei. Haibadilishi pembe katikati ya msukumo, haikuingizii bega chini ya kifua, haikungoji uvute pumzi ndipo ikusukume. Mtu hufanya yote hayo. Kijana wangu mmoja wa Gongoni, mkubwa wa mwili kweli, alikuwa akiisukuma mashine ile mpaka wenzake wanampisha. Tulipompeleka kucheza Mombasa alikutana na propu mtu mzima mwenye kitambi. Skramu ya tatu ilipovunjika akanijia pembeni akihema: "Mwalimu, yule mzee hasukumi. Ananikunja." Nikamwambia aingie chini zaidi na asimpe nafasi ya kifua. Kipindi cha pili hakushinda, lakini hakukunjwa tena. Dakika zile alijifunza mambo ambayo mimi nisingeweza kumfundisha kwa msimu mzima.

Propu hufundishwa na propu aliyemzidi. Ndiyo maana hukomaa akiwa amechelewa, baada ya miaka 25, wengine wakikaribia 30. Na ili akutane na waliomzidi, lazima timu yake iwe na mechi dhidi ya timu iliyoizidi. Maumivu yote ya Simbas yanatoka hapo.

Wengi wetu hatujaisahau Antananarivo, mwaka 2014. Tuliifunga Namibia 29-22, tukaifunga Madagascar, tukaingia siku ya mwisho tukihitaji ushindi mmoja tu ili twende Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Zimbabwe wakatufunga 28-10. Namibia wakaichapa Madagascar 89-10 siku hiyohiyo na tiketi ikawaendea wao kwa hesabu ya alama. Watu huikumbuka siku ile kwa uchungu, nami pia. Ila kuna jambo ambalo halisemwi sana: mapema mwaka huohuo timu ya Simbas ilikuwa Afrika Kusini ikicheza Vodacom Cup dhidi ya timu za mikoa, wikendi baada ya wikendi. Kwangu mimi ushindi ule dhidi ya Namibia ulipikwa huko.

Baadaye tukarudia mwendo wetu wa kukusanyana mechi za kufuzu zinapokaribia tu. Mwaka 2018 Namibia walitufunga 53-28 Windhoek, tukapelekwa Marseille mwezi wa Novemba kuwania nafasi ya mwisho: Canada 65-19, Ujerumani 43-6, Hong Kong 42-17. Mwaka 2022 tulifika fainali ya Kombe la Afrika kule Aix-en-Provence, Namibia wakatufunga 36-0, kisha Dubai Marekani wakatupa 68-14 na Ureno 85-0. Na hao Namibia wanaotufungia mlango wamekwenda Kombe la Dunia mara saba mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2023, bila kushinda hata mechi moja. Hapo ndipo unapoona ngazi ilivyo ndefu.

Siku ile ya Ureno niliitazama kwenye simu pamoja na vijana. Ilipofika kipindi cha pili baadhi yao waliondoka bila kuaga. Sikuwalaumu. Lakini siku chache baadaye Ureno walitoka sare ya 16-16 na Marekani, wakafuzu, na Oktoba 2023 kule Toulouse wakaifunga Fiji 24-23. Timu iliyotufunga 85 si timu ya miujiza. Ni timu ambayo kila mwanzo wa mwaka inacheza mashindano mamoja na Georgia, Romania na Hispania. Georgia! Hakuna mahali duniani pa kusomea skramu kushinda kusimama mbele ya Wageorgia. Sisi nasi mwaka 2022 tulipelekwa Currie Cup ya Afrika Kusini, daraja la chini, na lilikuwa jambo jema. Ila msimu mmoja huku na mwingine kule haumtengenezi propu.

Hapa Malindi tuna walimu wengine wa somo hili. Waitaliano. Wamejenga hapa, wamezeekea hapa, na wenye kupenda raga miongoni mwao wamebeba msalaba wa timu yao kwa muda mrefu. Italia iliingia Six Nations, mashindano ya kila mwaka ya mataifa sita ya Ulaya, mwaka 2000 kwa kuifunga Uskoti 34-20, watu wakadhani mambo yamekaa sawa. Kisha, baada ya kuishinda Uskoti Februari 2015, ikapoteza mechi 36 mfululizo za mashindano hayo. Miaka saba! Huko Ulaya wapo waliotaka itolewe, Georgia iingizwe badala yake. Haikutolewa. Tarehe 19 Machi 2022 mjini Cardiff, mechi ikiwa ukingoni kabisa, Ange Capuozzo aliupokea mpira akawapenya Wales, akampasia Edoardo Padovani akatua katikati ya milingoti, na Paolo Garbisi akapiga mkwaju wa 22-21. Mzee mmoja Mwitaliano wa Casuarina, ambaye ndiye huniita nikatazame naye mechi hizo, alilia machozi mbele ya wajukuu wake.

Niliwahi kumuuliza mzee huyo aliwezaje kukaa na timu ile miaka yote. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Malindi: "Kila Februari walirudi. Nami nikarudi."

Jibu hilo lina uzito wa kiufundi pia. Katika miaka ile ya kufungwa, propu wa Italia walikuwa kila mwaka wanainamiana na Uingereza, Ufaransa na Ayalandi, na tangu 2010 klabu zao mbili zinacheza ligi moja na klabu za Wales, Uskoti na Ayalandi. Walifungwa wakiwa darasani. Mwaka 2024 wakatoka sare ya 13-13 na Ufaransa, wakaifunga Uskoti 31-29 na Wales 24-21. Simbas hawafungwi mara nyingi hivyo, kwa sababu hawachezi mara nyingi hivyo.

Kuna wanaosema tuachane na raga ya 15 tushike ya saba, maana ndiko tuliko na jina. Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba, nawapenda kwa dhati. Aprili 2016 walipoichapa Fiji 30-7 fainali ya Singapore chini ya marehemu Benjamin Ayimba, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilihuzunika waliposhushwa daraja London mwaka 2023 kwa kufungwa na Canada 12-7, nikafurahi walipoifunga Ujerumani Madrid mwaka uliofuata wakarudi. Lakini skramu ya saba ni watatu kwa watatu na inakwisha kwa kufumba na kufumbua. Haimjengi mtu wa mbele. Kibaya zaidi, kila kijana mnene wa shuleni anataka kuwa Collins Injera, nyota wa Shujaa, akimbie na mpira, na hakuna anayemwambia kuwa mwili wake ule ndio nchi inaoutafuta. Mimi nawaambia, tena mbele ya wazazi wao.

Sisi mashabiki tuna haki ya kukasirika. Wachezaji nao wana haki. Juni 2018 Shujaa waliingia uwanjani Paris wamefunika nembo ya mdhamini kwa sababu ya marupurupu, na ukiwa umewahi kusubiri malipo ya posho unawaelewa. Ninachoomba ni hasira yetu ielekee penye tatizo. Tukifungwa tunataka kocha afukuzwe. Alikuwapo Paarwater, akaja Snook, akaja Odera, akarudi Paarwater. Wote walikabidhiwa watu waleule wa mbele, wenye mechi chache zilezile. Mwaka 2025 Kombe la Afrika la Kampala lilikuwa la kufuzu, na tiketi ikachukuliwa na Zimbabwe, walioifunga Namibia 30-28 na wanarudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Zimbabwe! Tuwaulize viongozi wa raga swali moja kila Januari: mwaka huu Simbas wana mechi ngapi, na dhidi ya nani?

Kombe la Dunia la 2031 litakuwa Marekani. Propu watakaotupeleka huko, kama tutakwenda, leo ni vijana wa miaka 19 na 20, wengine wako katika vilabu visivyo na mashine kama hii yetu ya magunia. Uganda tunakutana nao kwa Kombe la Elgon. Waongezwe Zimbabwe na Namibia, nyumbani na ugenini, kila mwaka, hata mwaka usio na kombe. Na nyumbani pasiwe Nairobi pekee. Mechi moja ya Simbas na Namibia ikiletwa Mombasa, basi la kutoka Malindi nitalijaza mwenyewe, na vijana wangu wa mstari wa mbele watakaa karibu kabisa na uwanja wakitazama viwiko.