Kipindi cha michezo si cha kufidia hesabu

Kila msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, unapokaribia, malalamiko ya wazazi wa hapa Tanga huongezeka kwetu, ofisi ya elimu. Mengi ni yale yale: mtoto anapotezewa muda, michezo haimsaidii kufaulu. Tunaelewa wasiwasi huo. Hata hivyo, Sanaa na Michezo ni somo lililomo kwenye mtaala wa elimu ya msingi, na kipindi chake hakikuwekwa kwenye ratiba ili kifidie hesabu.

Walimu nao wana dhana yao: wape watoto mpira, ushirikiano utakuja wenyewe. Hauji. Chukua rede, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa. Ugomvi wake unajulikana: "Umeguswa!" "Sijaguswa!" Mwalimu mwenye haraka hupuliza filimbi akaamua. Aliyejiandaa husimamisha mchezo, akawaachia wenyewe wasuluhishane, na kabla ya kengele huwakalisha kivulini awaulize nani alimwinua mwenzake alipoanguka, na nani hakupewa mpira hata mara moja. Mmarekani Don Hellison alijenga njia nzima ya ufundishaji kwa mtindo huo: kuheshimu wenzako, kujituma, kujiongoza, kusaidia wengine, hatimaye kuyaishi hayo nje ya uwanja. Haihitaji bajeti. Na ule mtindo wa manahodha wawili kuchagua mmoja mmoja uachwe. Anayebaki wa mwisho huwa mtoto yule yule kila wiki.

Kuhusu viboko, Kanuni za 1979 zilizorekebishwa mwaka 2002 ziko wazi. Ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Anayechapa ni Mwalimu Mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari la adhabu. Kukosa penalti si utovu wa nidhamu, na inashangaza kwamba bado tunalazimika kuliandika hili.

Mzazi ambaye mwanawe ana pumu au tatizo la moyo amwandikie Mwalimu Mkuu na kuambatisha cheti cha daktari, ili apangiwe kazi nyingine, kama kuhesabu pointi au kuamua mchezo. Hijabu si ugonjwa, wala si sababu ya kutocheza. Binti avae suruali ndefu acheze. Mwenye lalamiko aanze kwa Mwalimu Mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, ndipo aje kwetu. Kurusha picha za watoto kwenye kundi la WhatsApp si hatua mojawapo.