Kuhesabu Sampuli Badala ya Kuamini Saa: Sauti na Upimaji wa Mahali Ndani ya Majengo

Mawimbi ya redio yatokayo kwenye setilaiti za GPS hudhoofika mno yanapopenya zege na mabati, hivyo simu iliyo ndani ya jengo hubaki ikibahatisha mahali ilipo. Sauti hutufaa hapo kwa sababu ya ugoigoi wake, maana umbali tunaupata kwa kupima muda wa safari yake. Redio husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, ilhali sauti, katika hewa ya nyuzijoto 20, huenda takribani mita 343 kwa sekunde nzima. Na kwa kuwa maikrofoni ya simu inaweza kuchukua sampuli, yaani vipimo vya papo hapo vya sauti, 48,000 kila sekunde, baina ya sampuli moja na inayofuata sauti husogea milimita 7 tu.

Anayesikia hesabu hiyo hudhani kazi imekwisha. Lakini programu inapoiamuru spika ilie, mfumo wa simu huichelewesha amri kwa muda usiotabirika, na milisekunde 10 pekee ni kosa la zaidi ya mita 3. Mbinu ninayoipenda kuliko zote, BeepBeep, iliyotolewa na watafiti mwaka 2007, hulikwepa tatizo hilo badala ya kupambana nalo. Simu mbili hurekodi mfululizo. Hulia ya kwanza, kisha ya pili, na kila moja husikia milio yote miwili, wa kwake ukiwemo, kisha huhesabu sampuli zilizopita kati ya milio hiyo. Tofauti ya hesabu za simu hizo ikiwa sampuli 1,400, nusu yake, yaani 700, ndiyo safari ya upande mmoja: mita 5. Saa zao hazilazimiki kukubaliana hata kidogo.

Kinachonisumbua ni mwangwi. Rekodi ikishalinganishwa na mlio halisi, huoni kilele kimoja, yaani pahali pamoja zinapofanana sana, bali msitu wa vilele, na kilicho kirefu zaidi huenda kikawa cha sauti iliyogonga dari, hasa pale mtu anaposimama katikati ya njia. Kwa hiyo huanzia kwenye kilele kirefu na kurudi nyuma, nikitafuta cha kwanza kilichochomoza juu ya kelele, kwani sauti iliyonyooka hufika kabla ya mwangwi. Mlio unaopanda, tuseme kutoka kilohezi 18 hadi 21, hurahisisha kazi kwani hutoa kilele chembamba. Watu wazima wengi hawausikii, ingawa watoto huweza kuusikia, na mbwa ndio kabisa.

Joto nalo huibadilisha kasi ya sauti kwa takribani mita 0.6 kwa sekunde kila nyuzi moja, kiasi kwamba kosa la nyuzi 10 huupotosha umbali wa mita 20 kwa sentimita 35 hivi. Kipimajoto kimoja ukutani hulimaliza suala hilo. Dawa ya mwangwi iliyo nyepesi kiasi hicho sijaipata.