Ukisikia harufu ya dikloromethani, umeshachelewa

Fundi anayebandua rangi kwa kiyeyushi kiitwacho dikloromethani ukimuuliza atajuaje kuwa mvuke umezidi, huenda akakujibu, "Nitasikia harufu." Kosa liko hapo. Watu wengi huanza kuisikia harufu yake, tamutamu hivi, mvuke ukiwa umefika sehemu 200 hadi 300 katika kila sehemu milioni za hewa. Kikomo kilichowekwa na OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, mwaka 1997 ni sehemu 25, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Pua inapoamka, hewa ina mara nane ya kiwango hicho au zaidi, na ikikaa humo muda kidogo huizoea harufu, ikanyamaza.

Hilo neno "wastani" nalo huwapotosha wengi. Tuseme mtu amefanya kazi saa 2 kwenye hewa yenye sehemu 90, kisha saa 6 zilizobaki akawa mahali penye sehemu 5. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 8: unapata sehemu 26 na ushei. Amevuka kikomo, ingawa sehemu kubwa ya siku hewa yake ilikuwa karibu safi. Kuna na kikomo cha pili, sehemu 125 kwa dakika 15, kwa sababu dozi kubwa ya muda mfupi inaweza kumwangusha mtu hata kama wastani wa siku unapendeza kwenye karatasi.

Kimiminika hiki huchemka kwenye nyuzi 40 tu, joto linalokaribiana na la mwili, hivyo hupanda hewani upesi. Mvuke wake ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa. Hutuama chini, kwenye mashimo na ndani ya matangi. Marekani, kati ya 2000 na 2011, mafundi wasiopungua 13 walikufa wakibandua rangi za mabafu kwa kutumia kiyeyushi hiki. Bafu ni bakuli, na fundi huinamia ndani yake.

Kwanza hulewesha: kizunguzungu, kichwa kuuma, usingizi, na kwa dozi kubwa pumzi hukatika. Kisha ini huigeuza sehemu yake kuwa monoksaidi ya kaboni, gesi ileile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo hukamata himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na kuinyima damu oksijeni. Na kwa kuwa kiyeyushi hujificha kwenye mafuta ya mwili, gesi huendelea kutengenezwa hata baada ya mtu kutoka nje. Mwenye ugonjwa wa moyo ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Kabla ya 1997 kikomo hicho cha Marekani kilikuwa sehemu 500. Miili haikubadilika, ujuzi ndio uliobadilika. Mwaka 2014 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka dikloromethani kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilipiga marufuku matumizi mengi na kuweka sehemu 2 kwa yale yaliyobaki. Kwa hiyo mwajiri anayejisifu kuwa yuko kwenye sehemu 24, mimi simpongezi.

Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Hata ile ya kichujio cha mkaa hupitisha mvuke huu mapema mno. Panapohitajika kinga ya pumzi, iwe ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Glovu za kawaida, za mpira au naitrili, hupenywa kwa dakika chache. Kibadala kisicho na kiyeyushi hiki ni bora kuliko vyote hivyo. Tazama lebo: namba yake ya CAS, yaani namba ya kuitambulisha kemikali, ni 75-09-2.

Ukimkuta mwenzako ameanguka ndani ya tangi, usiingie kumfuata bila kifaa cha kupumulia chenye hewa yake, ita waokoaji. Hospitalini, mpeni daktari jina la kemikali hiyo. Kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyokamatwa na monoksaidi ya kaboni. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekosa oksijeni, kwa hiyo damu yenyewe ndiyo ipimwe.