“Tune out” na “zone out”: umeamua au umepitiwa?

Mwanafunzi wangu mmoja, anayefanya kazi mapokezi hotelini, alimwandikia meneja wake Mwingereza kumwomba radhi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akaingia kikaoni usingizi ukimlemea, na maelekezo yote yakampita. Akaandika: “Sorry, I tuned you out.” Likarudi jibu la mkato. Akanijia na simu mkononi: “Mwalimu, nimekosea wapi?”

Kisarufi hakukosea popote. Ila alichomwambia meneja, kwa Kiingereza kilichonyooka, ni kwamba aliamua kutomsikiliza.

“Tune out” imetoka kwenye redio. Waliokulia enzi za masafa mafupi wanakikumbuka kile kitufe cha kuzungusha: ukikipata sawasawa, taarifa ya habari inasikika, ukikipitiliza kidogo, inabaki mikwaruzo. “Tune in” ni kuikamata stesheni, “tune out” ni kuiacha. Stesheni bado inatangaza, ila mkono wako umeihama. Huo mkono ndio kiini cha maana, kwa sababu kitenzi hiki hubeba nia.

Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo lenyewe: kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Mlango unalia, sauti inamfikia, naye analala. Kwa Kiingereza ungesema “he tunes out the noise.” Ndiyo maana siridhiki na kamusi inapotoa “kutosikia”. Masikio yanafanya kazi. Mwaka 1953 Colin Cherry, mtaalamu Mwingereza, aliwavisha watu spika za masikioni, kila sikio na maneno yake, akawataka warudie ya sikio moja tu. Ya sikio la pili hawakuweza kuyaeleza, na hata lugha ilipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani wengi hawakutambua. Lakini sauti ya mwanamume ilipogeuka ya mwanamke, walitambua. Sauti iliingia, ni maana iliyobaki mlangoni.

“Kupuuza” linakaribia zaidi, ila lina dharau ndani yake. Mama anayesoma kitabu huku muziki wa jirani ukivuma hamdharau mtu. Kwa kelele, basi, “tune out” ni uwezo wa kusifiwa. Ikielekezwa kwa mtu, hasa aliye juu yako, inageuka kuwa utovu wa adabu. Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoteleza.

Kuhusu mpangilio wa maneno: nomino inaweza kukaa nyuma au katikati, “tune out the noise” au “tune the noise out”. Kiwakilishi hukaa katikati tu: “tune it out”, kamwe si “tune out it”. Msemaji wa Kiswahili asiogope hili. Katika “nilizipuuza”, ile “zi” nayo imekaa katikati.

Alichokitaka dada yule ni “zone out”. Hiki hakina mkono. Macho yako ubaoni, kichwa unatikisa, kumbe mawazo yamekwenda zake, na unashtuka jina lako likitajwa. Hakipokei yambwa katika maana hii, kwa hiyo usiseme “I zoned out your instructions.” Ndugu yake ni “space out”, iliyoenea Marekani miaka ya 1960 ikihusishwa na watu waliolewa dawa za kulevya, leo wengi huisema bila kuwaza hayo, lakini kazini mimi ningeiepuka.

Kiswahili chake? “Kuzubaa” lina karipio. “Kuduwaa” lina mshangao, na “kupigwa na bumbuwazi” kunataka tukio la kushtua. Nimejaribu mengi darasani, na linalonikaa vizuri kuliko yote ni “kupitiwa”. “Samahani, nilipitiwa.” Liko katika kauli ya kutendwa, na anayelisema hajaamua lolote, jambo limempata tu. Kiingereza kinamweka “I” mbele kana kwamba ndiye mtendaji, na hapo ndipo wanafunzi wetu wanapodhani vitenzi hivi viwili ni kimoja.

Tulikaa tukaandika upya: “I’m sorry. I had just finished a night shift and I zoned out. Could you go over the instructions again?” Neno lenyewe ni la mazungumzo, na kwa barua rasmi ningempa “I lost concentration”. Kwa ujumbe wa simu lilitosha. Jioni ile meneja alimtumia maelekezo yote upya.