Nyuki-mwitu ni nani, na kumhifadhi maana yake nini?

Nyuki-mwitu ni nyuki yeyote anayeishi bila kufugwa. Tukitaja nyuki, wengi wetu huwaza mzinga na asali, ilhali nyuki wanaofugwa ni spishi chache mno kati ya zaidi ya 20,000 zinazojulikana. Wengi wa waliosalia hawana malkia wala hawalimbikizi asali. Jike huishi peke yake. Huchimba kishimo ardhini, au hutafuta tundu kwenye bua au gogo, humo huweka donge la chavua na nekta, hulitagia yai moja, huziba na kuanza chumba kingine. Mara nyingi hufa kabla hajawaona watoto wake.

Viumbe hawa wasiojulikana hufanya kazi ambayo nyuki wa asali hawaiwezi. Chavua ya nyanya na bilinganya imefungiwa ndani, na hutokea kwenye vitundu vidogo. Baadhi ya nyuki-mwitu hulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya mabawa kwa nguvu mpaka chavua imwagike.

Ili kuwahesabu, wanasayansi huwanasa kwa neti au kwa mabakuli ya njano, meupe na ya buluu yenye maji ya sabuni, kisha huwatambua kwa hadubini au vinasaba. Idadi yao hupanda na kushuka sana kufuatana na mvua na maua, hivyo hesabu ya msimu mmoja haitoshi kusema wanapungua. Lazima kurudi mahali palepale miaka mingi.

Kosa kubwa, na linaniuma kwa sababu hufanywa kwa nia njema, ni kudhani kwamba kuongeza mizinga ni kuwahifadhi. Nyuki wa kufugwa wakijazana mahali hugombea maua na nyuki-mwitu wa hapo na huweza kuwaambukiza magonjwa. Nchini Chile, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliletwa nyuki wa kufugwa kutoka Ulaya, wasio wa asali, aina ya Bombus terrestris ili wachavushe mazao. Walisambaa hadi Argentina, na kila walikofika, Bombus dahlbomii, nyuki mwenyeji mkubwa wa rangi ya chungwa, amepungua vibaya.

Uhifadhi wenyewe huanza na makazi: maua ya asili yanayopokezana msimu mzima, udongo usiolimwa wala kufunikwa, magogo yaliyoachwa yaoze. Viuawadudu navyo vidhibitiwe. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina tatu za neonikotinoidi, kundi mojawapo la viuawadudu, kutumika kwenye mashamba ya wazi.