Vitamini D: baridi ya Mbeya si ukosefu wa jua, na kidonge cha wiki si cha kila siku

Kila ifikapo msimu wa baridi, kati ya Mei na Agosti, madirisha ya maabara huku Nyanda za Juu Kusini hupokea watu wengi wanaoomba kupimwa vitamini D. Wengine huja na fomu ya daktari. Wengine huja na karatasi ya "kipimo cha mwili mzima" walichofanyiwa stendi, sokoni au kwenye semina ya wauza virutubisho, pamoja na chupa ya vidonge waliyouziwa papo hapo. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale waliowauzia.

Tuanze na hizo karatasi. Kifaa unachoshika kiganjani, kikaunganishwa na kompyuta na kutoa orodha ya vitamini zote mwilini, hakipimi vitamini D. Vitamini D hupimwa kwa kuchukua damu. Hili limesemwa mara nyingi, na bado watu wanatuletea karatasi hizo wakitaka zilinganishwe na majibu ya maabara. Hakuna cha kulinganisha.

Tunachopima ni umbo la vitamini D linalotengenezwa na ini, ambalo kwenye fomu huandikwa 25(OH)D. Umbo hili huchukua wiki mbili hadi tatu kupungua nusu, kwa hiyo linaonyesha akiba yako. Liko umbo la pili linalotengenezwa na figo, ambalo hupungua kwa saa chache tu. Mtu mwenye upungufu anaweza kuwa na umbo hilo la pili kwa kiwango cha kawaida, au hata kilichozidi. Fomu ikijazwa kimakosa, maabara itapima kilichoandikwa na mgonjwa ataambiwa yuko salama wakati hayuko. Kabla hujalipia, angalia kilichoandikwa.

Huhitaji kufunga kula. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mkono, mililita chache, huachwa igande kwa takriban nusu saa, kisha huzungushwa kwenye mashine ili majimaji ya juu yatengane. Majimaji hayo ndiyo hupimwa. Kituo kisicho na mashine husafirisha sampuli kwenda maabara kubwa zaidi, ndiyo maana majibu huchelewa. Hilo si uzembe. Jina kwenye chupa lazima lifanane na jina kwenye fomu, pamoja na umri, jinsia, tarehe na muda damu ilipochukuliwa. Vikitofautiana sampuli inakataliwa, na utaombwa kurudi kutolewa damu upya. Tunajua inaudhi, hasa kwa aliyetoka Makete au Ludewa. Lakini jibu la mtu mwingine likiingia kwenye faili lako, dozi utakayopewa itakuwa ya mtu huyo.

Mweleze pia mhudumu kama unameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini kwa wingi, na biotini huvuruga baadhi ya mashine hadi zikatoa jibu la vitamini D lililo juu kuliko ukweli. Kwa kawaida huombwa uviache kwa siku mbili hadi tatu kabla ya kupima.

Jibu likitoka, soma namba pamoja na kizio chake. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita (ng/ml), nyingine nanomoli kwa lita (nmol/l). Nanogramu moja kwa mililita ni nanomoli mbili na nusu kwa lita. Kwa hiyo 20 ng/ml na 50 nmol/l ni kiwango kilekile. Mwenye 28 ng/ml yuko vizuri. Akidhani ni 28 nmol/l atajiona mgonjwa. Mwenye 45 nmol/l akidhani ni 45 ng/ml atajiona ana akiba nzuri, ilhali ana 18 tu. Wapo wanaotumiana picha za majibu kwenye simu na kushauriana dozi bila hata kuangalia herufi hizo.

Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilieleza kwamba 20 ng/ml inatosha kwa watu karibu wote, na chini ya 12 ni upungufu wa kutia wasiwasi kwa mifupa. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa homoni cha nchi hiyo kilisema lengo liwe 30, na hapo ndipo ilipotoka ile "30" inayotajwa kila mahali. Chama hicho kiliachana na kiwango hicho mwaka 2024, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kama desturi. Wanaouza vidonge kwa kutaja 30 wanatumia mwongozo ulioachwa na waliouandika.

Sasa jua, maana hapa ndipo dhana potofu zilipojaa. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya jua iitwayo UVB, na mionzi hiyo haihusiani na joto unalolisikia. Mbeya iko takriban digrii tisa kusini mwa ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo mionzi hiyo inavyoongezeka. Asubuhi ya Juni unaweza kutetemeka Uyole au Njombe, lakini saa saba mchana jua lina nguvu ya kutosha kabisa. Simama uwanjani uangalie kivuli chako. Kikiwa kirefu kukuzidi, ngozi inatengeneza kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, inatengeneza vizuri. Kwa Mbeya jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo, na hata mwezi Juni kivuli hubaki kifupi kuliko mtu kuanzia takriban saa tano kasoro asubuhi hadi saa tisa kasoro mchana. Wakazi wa Ulaya ya kaskazini hukosa hilo kwa miezi mingi ya mwaka. Sisi hatulikosi mwezi wowote.

Kwa hiyo kumwanika mtoto saa moja asubuhi, akiwa amefungwa blanketi mbili na kofia, hakumpi vitamini D ya maana. Wala kumweka nyuma ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo huzuia UVB. Dakika chache za mchana, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, zina faida zaidi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, lakini inatosheleza: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapahapa Tanzania, wanaoishi nje muda mwingi, ukakuta wastani wa 115 nmol/l bila kidonge hata kimoja. Mkulima wa viazi wa Makete anayeshinda shambani hana sababu ya kununua chupa.

Tahadhari moja haina mjadala: ushauri huu wa jua hauwahusu watu wenye ualbino. Wao waendelee na kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Saratani ya ngozi kwao ni hatari ya kweli, na suala la vitamini D walizungumze na daktari.

Wanaostahili kupimwa wapo, na tungependa waje. Ni mtoto mwenye matege yanayozidi au anayechelewa kutembea, mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa na misuli ya mapaja iliyolegea, mgonjwa wa figo au ini, anayetumia dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni au kabamazepini kwa muda mrefu, anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, na mzee asiyetoka ndani. Matege nayo si lazima yatokane na vitamini D. Mengi barani Afrika hutokana na mlo wenye kalsiamu kidogo, na hapo usipa wa Kyela unaoliwa na mifupa yake, pamoja na maziwa, husaidia kuliko vitone vya vitamini D. Parachichi, ambalo kila siku tunaulizwa habari zake, ni chakula kizuri lakini halina vitamini D. Uyoga uliokaushwa juani unayo. Kuhusu ganzi, uchovu na "miguu kuwaka moto": hizo zina sababu nyingi, kisukari kikiwemo, na kujitibu kwa vitamini D kunachelewesha kugundua ugonjwa wenyewe.

Dozi. Vidonge hupimwa kwa yuniti za kimataifa, IU, au kwa mikrogramu. Mikrogramu moja ni IU 40. Mahitaji ya kila siku ni IU 400 kwa mtoto chini ya mwaka, 600 kwa wengi wetu, na 800 kwa aliyezidi miaka 70. Kikomo cha mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni IU 4,000 kwa siku. Madukani kuna vidonge vya IU 50,000 na 60,000. Hivyo ni vya mara moja kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki sita hadi nane, kwa aliyethibitishwa kuwa na upungufu. Anayemeza cha 60,000 kila siku anameza mara 15 ya kikomo. Vitamini hii huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na haitoki haraka. Ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu kali, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, mawe kwenye figo, na figo kuharibika. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia dawa za presha za kuongeza mkojo za kundi la thayazaidi.

Vidonge vingi vya vitamini D huja vikiwa na kalsiamu. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ina watu wengi wanaotumia ARV zenye dolutegravir, na kalsiamu huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri. Kama unazo zote mbili, ARV imezwe saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake, au zote zimezwe pamoja na chakula. Usiache ARV kwa ajili ya kirutubisho. Mwambie mhudumu wa CTC, yaani kliniki unakochukulia ARV, unachomeza. Hakuna atakayekukaripia, na akikukaripia, mwambie hata hivyo.

Kwa wauzaji. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa ni dawa mbele ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, hata ikibandikwa neno "kirutubisho". Ni lazima isajiliwe na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ikikutwa haijasajiliwa inakamatwa na kuteketezwa, na muuzaji anaweza kufungiwa biashara na kufikishwa mahakamani kwa faini au kifungo. Famasi isajiliwe na Baraza la Famasi, na maabara binafsi na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Cheti hutundikwa ukutani; mwananchi ana haki ya kukisoma kabla ya kutoa mkono achomwe sindano.

Mzazi uliyeandikiwa vitone, soma kiasi kwenye chupa kabla hujaondoka dirishani. Kuna chupa ambazo IU 400 ziko ndani ya mililita nzima, na nyingine ambazo ziko ndani ya tone moja. Ukijaza dropa ya chupa ya pili kwa mazoea ya ile ya kwanza, mtoto anapata dozi ya wiki kadhaa kwa mara moja. Tumia dropa iliyokuja na chupa hiyo tu, na mwombe mfamasia akuonyeshe mstari. Likitokea kosa, mpeleke mtoto kituoni siku hiyohiyo pamoja na chupa yenyewe, na umwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa.